Mzee wa dukani anataka nimsindikize Mlima Kailash. Aliyewahi kufika anieleze

Kijana wa Duka (Kigoma)

Wakuu habari za jioni. Nina swali ambalo hapa Kigoma nimezunguka nalo sijapata wa kulijibu.

Nafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Ujiji kabisa, Kiswahili chake kinatushinda wengine wetu. Ana miaka 68, mkewe alishatangulia, watoto wote wako Uingereza. Siku hizi ameshika jambo moja tu: anataka kwenda hija ya dini yake kwenye Mlima Kailash, uko Tibet, China, pamoja na ziwa la Manasarovar lililo karibu nao. Anasema 2026 ni mwaka wa farasi kwa hesabu za Watibeti, na kwamba kuuzunguka mlima mara moja mwaka huo kunahesabiwa kama mara 13. Nilimwambia hiyo si ni imani ya Wabuddha, wewe Mhindu inakuhusu nini? Akanijibu baraka haikataliwi hata ikitoka kwa jirani.

Watoto hawawezi kupata ruhusa kazini. Wamekubali aende kwa sharti moja, awe na mtu wa kumshika mkono, na mtu huyo ndiyo mimi. Gharama zote juu yao.

Sasa mimi sijawahi kupanda mlima. Juu kabisa nilikowahi kufika ni Manyovu, tena kwa basi. Mzee ana presha, anameza dawa kila asubuhi. Nimesoma kwamba mlima wenyewe ni mita 6,638, unaupita hata Kilimanjaro. Atapandaje? Je, tunaweza kujiendea wenyewe au lazima kikundi? Na mimi ni Muislamu, mama yangu ananiuliza nakwenda kutafuta nini kwenye mlima wa ibada ya watu. Nisaidieni, jibu linatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwisho wa Reli

Umelipiwa mpaka Tibet halafu unaomba ushauri? Nipe mimi hiyo nafasi, naacha daladala kesho.

Utani kando, mshahara wako wa dukani utaendelea ukiwa huko? Hilo liulize kwanza, mlima baadaye.

Mwana Isevya (Tabora)

Mdogo wangu, Mzee mfikishie shikamoo yangu. Mimi ni Mhindi wa Tabora, mtoto wa Isevya, na mwaka 2019 nilimpeleka mama yangu huko akiwa na miaka 66. Nitakujibu niliyoyaona. Ya mtandaoni yaache yalipo, mengi yameandikwa na wauza safari.

Hiyo mita 6,638 isikutishe. Kailash haupandwi. Hakuna kumbukumbu ya mtu aliyefika kileleni, na serikali ya China hairuhusu kujaribu. Kwetu sisi ndiko aliko mungu Shiva, nani atakwenda kukanyaga hapo? Kinachofanyika ni kuuzunguka, mlima ukiwa mkono wako wa kulia. Wabuddha wanazunguka hivyo hivyo, na Wajaini nao wanauheshimu, maana kwao Rishabha, mwalimu wao wa kwanza, alipata ukombozi wake pale. Wafuasi wa Bon, dini ya kale ya Tibet, wao wanazunguka kinyume. Kwa hiyo njiani mtapishana nao uso kwa uso, bibi kizee ana tasbihi mkononi, anakutabasamia, anapita na mwendo wake mkali wewe ukiwa umeegemea jiwe unatafuta pumzi.

Mzunguko mzima ni kilomita 52. Watibeti wengi wanaumaliza kwa siku moja, wanaondoka alfajiri na giza wanarudi na giza. Wageni tunaugawa siku tatu. Ya kwanza, gari linawasogeza kutoka Darchen, mji mdogo chini ya mlima, mpaka Yamadwar, kijilango kidogo cha mawe, halafu mnatembea kama kilomita 12 bondeni mpaka Dirapuk pa kulala, karibu mita 5,000. Njia ni ya taratibu, mto uko pembeni, hakuna miti kabisa, kokoto tu na majani mafupi. Siku ya pili ndiyo yenyewe. Mnapanda mpaka Drolma La, kivuko cha juu kabisa cha mzunguko, mita 5,630 hivi, kisha mteremko mkali wa mawe, kisha bonde refu lisilokwisha mpaka Zuthulpuk, pa kulala usiku wa pili. Jumla kama kilomita 22. Siku ya tatu ni fupi, mnarudi Darchen.

Sasa sikiliza, maana hili ndilo nililokuja kusema. Mama yangu hakuvuka Drolma La.

Tulilala Dirapuk. Nyumba ya wageni pale imeutazama uso wa kaskazini wa mlima, ukuta mweusi wa mwamba uliotapakaa theluji, unajaza dirisha lote. Usiku ule Mama hakulala, alikaa kitako amejifunika mablanketi, anasema akilala chali pumzi inakata. Asubuhi kiongozi wetu, kijana wa Kinepali mpole sana, alipita na kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Vidole vya Mama vilikuwa vya baridi mpaka kipimo kikagoma kusoma, tukavisugua, tukamkumbatisha kikombe cha chai, ndipo kikasoma. Ilitoka 66. Yangu ilikuwa 81. Yule kijana hakubishana, alimwonyesha namba akasema leo unarudi chini.

Mama akaanza kunigombeza kwa Kiswahili. Kikundi kizima ni Wagujarati wa kutoka India na Marekani, hakutaka wasikie, basi maneno yote ya Tabora yakatoka pale mita 5,000: mimi ndiye niliyemsemea kwa kiongozi, mimi sina imani, mimi nimeanza ubishi tangu niko mdogo. Niliacha aseme. Alipochoka alichukua fimbo yake, akasimama nje akiutazama mlima kwa muda mrefu, akasali, tukarudi Yamadwar kwa njia ile ile tuliyojia. Wa kikundi chetu waliorudi siku hiyo walikuwa wengi kuliko waliovuka. Hilo wauza safari hawalisemi, wanakuonyesha picha za Drolma La na zile bendera za sala za rangi tano, ukadhani kila mtu anafika.

Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo, kaa na Mzee na watoto wake kwenye simu, wote mkiwa hewani, aseme kwa kinywa chake: kiongozi akisema rudi, narudi. Asipokubali kusema hivyo Kigoma, hatakubali Dirapuk. Na wewe ni mwajiriwa wake, huko juu hutakuwa na sauti. Mimi nilikuwa binti yake na bado nilitukanwa!

Kuhusu ziwa, huko hakuna shida ya miguu, gari linafika ufukweni. Manasarovar liko mita 4,590, maji ya buluu iliyokolea, mzunguko wake karibu kilomita 90 na hao wageni wanauzunguka kwa basi. Tulipokwenda kujitosa majini kulikuwa kumepigwa marufuku. Vijana wa jikoni walituchotea kwa ndoo, tukajimwagia kando kwenye hema. Maji hayo, mdogo wangu, acha. Nilipiga ukelele. Mama aliyekuwa anatetemeka na sweta mbili ndiye aliyejimwagia ndoo nzima kichwani kimya kimya. Kando yake kuna ziwa jingine, Rakshastal, maji yake yana chumvi na hakuna anayeoga. Wazee wanasema ni la Ravana, yule mfalme wa mashetani. Mtaliona mkipita.

Mtu wa Kigoma usitegemee ukubwa. Manasarovar ni kama kilomita za mraba 410, Tanganyika 32,900. Linaingia mara 80.

Makaratasi. Kujiendea wenyewe sahau. Tibet mgeni anaingia na kikundi, kiongozi na kibali maalumu juu ya viza. Ukipitia Nepal, viza ya China inatolewa Kathmandu kwa kikundi, ni karatasi moja yenye majina yenu wote, mnaingia pamoja na kutoka pamoja. Mmoja akiugua akataka kurudi mapema, karatasi hiyo inabidi igawanywe, ni mlolongo. Ulizeni wakala atafanyaje ikitokea, akijibu "haijawahi kutokea" mtafuteni mwingine. Ile safari ya serikali ya India mtakayoikuta mkitafuta, inayopita vivuko vya mpakani vya Lipulekh na Nathu La, ni ya raia wa India pekee. Mzee ana pasipoti ya Tanzania, haimhusu.

Halafu muulizeni mpaka upi. Julai 2025 mafuriko yalilisomba daraja la Rasuwagadhi, mpakani mwa Nepal na China, njia ambayo vikundi vingi vya barabarani hupita. Msikubali jibu la "tutaona tukifika". Julai na Agosti ni masika yao pia, milima ya Nepal inaporomokea barabara. Mei, Juni au Septemba ni afadhali.

Chakula: wapishi wa Kinepali wanafuatana nanyi na jiko lao, wali, dali, chapati, mboga. Nyama hakuna, samaki hakuna. Migebuka utaiota.

Kijana wa Duka (Kigoma)

Dada Mungu akubariki, nimesoma mara mbili. Mzee nimemsomea na yeye, pale pa kugombana kwa Kiswahili amecheka mpaka akavua miwani. Lakini kwenye kurudi hakusema kitu, akaanza kuhesabu misumari.

Swali: nasikia kuna farasi wa kukodi. Si atapanda farasi tu avuke?

Mgumu Mstaafu (Kasulu)

Hapo kwenye farasi ngoja niingie. Tibet sijafika. Ila Kilimanjaro nimebeba mizigo ya wageni miaka mingi, njia za Marangu na Machame, kabla sijarudi Kasulu kulima. Milima inatofautiana, mapafu ni yale yale.

Farasi anasaidia miguu. Hewa hasaidii. Mita 5,600 hewa unayovuta ina kama nusu ya oksijeni ya usawa wa bahari, uwe umekaa, umepanda farasi au umebebwa. Tena mtu wa farasi ni hatari zaidi kwa jambo moja: anayetembea akizidiwa miguu inamkatalia, anakaa chini mwenyewe. Aliyepanda farasi anapandishwa mpaka juu akiwa ameshazidiwa na hajijui.

Nimeangalia mpangilio wa mawakala kwa hiyo njia ya Nepal nikashtuka. Sisi Kili tunatoka geti la Marangu, chini ya mita 1,900, tunakwenda pole pole kwa miguu, kambi ya Mandara, Horombo mita 3,720, wengine wanalala Horombo mara mbili, ndipo Kibo mita 4,720. Kibo wenyewe mgeni analala saa chache, usiku anaamshwa, akifika juu anashuka siku hiyo hiyo. Hata hivyo watu wanazidiwa. Huko kwenu gari linawatoa Kathmandu mita 1,400, mnalala Kyirong, mji wa ng'ambo ya mpaka, mita 2,800, kisha gari linawarusha mji wa Saga kama mita 4,500 kwa siku moja. Halafu mnakaa juu ya 4,500 karibu wiki nzima bila kushuka. Kanuni ya madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000 kimo cha kulala kisizidi mita 500 kwa siku, na kila siku tatu au nne mpumzike moja. Kwa hiyo tafuteni wakala mwenye usiku miwili Kyirong na angalau usiku mmoja wa ziada kabla ya ziwa. Atawatoza zaidi. Lipeni.

Dalili: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu, hizo za kawaida, mnasimama hapo hapo hampandi. Akianza kupepesuka, au anaongea vitu havieleweki, au anahema hata akiwa ameketi na kifua kinakoroma, hiyo si ya kusubiri asubuhi, mnashuka. Mwambie atembee mstari mmoja, kisigino kiguse kidole cha mguu wa nyuma. Akiyumba, shusha. Chupa ya oksijeni ni ya kumfikisha chini salama, haimpi ruhusa ya kuendelea kupanda.

Shida ya kule ni kwamba chini ni mbali. Kili ukimgeuza mtu, baada ya saa mbili ameshaanza kupumua vizuri. Darchen kwenyewe ni zaidi ya mita 4,500. Nikitazama ramani, mji wa Purang, karibu na mpaka wa Nepal, uko kama mita 3,900, na hiyo ndiyo nafuu ya karibu kwa gari. Wakala aseme gari la dharura litakuwa wapi siku mnayotembea.

Na dawa: kuna acetazolamide ya kuzuia ugonjwa wa kimo, wengi wanaijua kama Diamox. Msinunue tu famasi. Mzee wa presha huenda tayari anameza dawa za kukojosha, na hiyo nayo inakojosha. Daktari azione zote kwa pamoja kwanza, na ampime moyo.

Mazoezi, aanze leo. Duka likifungwa mtembee barabara ya Ujiji, kila jioni mnaongeza kidogo. Hayatamzoesha kimo, hiyo Kigoma haipo, ila atafika kule ana kifua.

Babu wa Ujiji

Mjukuu, mama yako kauliza swali la haki. Mwende kwa sheikh wenu mumweleze kazi yenyewe ilivyo: unakwenda kumhudumia mzee, kumshika, kumpa dawa, kubeba begi. Hushiriki ibada yao. Mimi babu yako naona kumtunza mzee safarini ni jambo jema, lakini fatwa si ya mtandaoni.

Swala utapunguza, wewe msafiri. Maji yakiwa barafu kuna tayamamu, na mchanga huko haukosekani. Kibla usizoee cha huku. Hapa tunaelekea kaskazini, kule Makka itakuwa magharibi.

Huyo mzee kama ndiye ninayemdhania, baba yake alitukopesha mabati. Nisalimie.

Mwisho wa Reli

Mgumu umeniondolea tamaa. Nabaki na daladala langu.

Mwana Isevya (Tabora)

Mgumu umesema kweli, na kikundi chetu usiku wa pili Kyirong uliondolewa "kufidia muda" uliopotea mpakani. Wakala alituahidi pia watu 20, tukajikuta 38 na kiongozi mmoja. Yaandikwe kwenye mkataba.

Mdogo wangu, farasi wapo. Wanakodiwa kabla ya kuanza kutembea pamoja na mchungaji wake, na kijana wa kubeba begi dogo ni malipo mengine. Mnapangiwa, hamchagui. Malipo kwa yuani taslimu, kwa mzunguko mzima, ukirudi siku ya pili hela yako hairudi, na hilo Mzee alijue mapema asije akavuka kwa uchungu wa hela. Wahindi tunajuana. Tena baada ya Drolma La farasi hapakii mtu, mteremko ni mkali, kila mmoja anashuka kwa miguu yake. Chini kidogo ya hapo kuna kidimbwi cha kijani, Gaurikund, waliovuka wanatamani kuyafikia maji yake. Asishuke. Kuna vijana wanawachotea watu kwa malipo kidogo.

Wewe mwenyewe ukivuka au usivuke si muhimu, uko naye. Usikubali wakutenganishe eti kijana aendelee na mzee arudi na mpishi.

Saa zitawachanganya. China yote inatumia saa ya Beijing, kwa hiyo Septemba jua la Kailash linachomoza kama saa mbili na nusu asubuhi. Ukiambiwa mnaondoka saa moja, ni usiku mtupu. Nyumbani wako nyuma saa tano, mkipiga simu jioni watoto wa Uingereza bado wako kazini. Dawa ya presha mpangieni daktari awaambie mnaihamishaje.

Nguo: za kuvaa tabaka tabaka, jaketi la upepo, glovu pea mbili maana moja italowa, kofia ya masikio, miwani ya jua iliyo nzito kweli, mafuta ya midomo. Viatu vivaliwe dukani kuanzia sasa, asivae vipya kule. Chupa ya chai moja kila mtu. Kadi ya homa ya manjano msisahau, sisi wa Tanzania tunaulizwa.

Kijana wa Duka (Kigoma)

Taarifa fupi. Mshahara unaendelea, nimeuliza (asante Mwisho wa Reli). Sheikh nimemwona pamoja na mama, tumeelewana. Jana usiku Mzee alipiga simu Uingereza, spika ikiwa wazi, akawaambia watoto: ziwani nitaoga, Dirapuk nitafika, zaidi ya hapo aamue kiongozi. Mtoto wake wa kike akamwambia rudia tena, akarudia kwa hasira.

Daktari ni Jumatatu. Dada wa Isevya, Mzee anauliza kama Mama yuko tayari kuongea naye kwenye simu.

Mwana Isevya (Tabora)

Yuko tayari tangu juzi, nimekuwa nikimsomea. Nitumie namba ya duka kwa ujumbe wa faragha. Apige baada ya saa kumi, Mama analala mchana, na ajiandae, hana maneno machache.